Nusu Dakika Nyuma ya Jirani

Jirani alipiga yowe la "Uuuwi!" huku kwangu sebuleni mchezaji wetu ndiyo kwanza anauweka mpira kwenye alama ya penalti. Shemeji zangu wawili, waliopanda matatu kutoka Migori kuja Homa Bay kuonja televisheni yangu mpya, wakanigeukia kana kwamba ni mimi niliyepaisha.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, robo fainali ya CHAN, Kenya na Madagaska pale Kasarani. Dakika 90 zimeisha 1-1, muda wa nyongeza haukuleta kitu, tumefika kwenye matuta. Na mimi nilikuwa nimeutangazia mtaa mzima kwamba antena ni mambo ya wazee, siku hizi watu hutazama kwa intaneti. Ya kwangu niliing'oa paani nikamuuzia jirani huyo huyo kwa shilingi 300. Ndiyo aliyokuwa akitazamia.

"Shem," mkubwa wao akauliza kwa adabu, "huyu anatazama mechi gani?"

"Hii hii."

"Mbona yeye anamaliza mapema?"

Hapo ningenyamaza ningekuwa salama. Lakini jambo hili nalipenda, nami nikianza kulieleza sishikiki. Antena, nikamwambia, ni mvua: inanyesha mara moja, kila mwenye karai anakinga. Intaneti ni bodaboda: kila nyumba inaletewa mzigo wake peke yake. Mechi hukatwa vipandevipande, kila kipande kama sekunde 6, na kila kipande hutayarishwa kwa ukubwa tofauti tofauti, vile mama wa sokoni anavyokuwekea ngege mzima, nusu, au mgongo wazi, ile mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Televisheni huagiza kipande, hupima kimefika kwa kasi gani, ndipo iamue kinachofuata kiwe cha ukubwa upi. Mtandao ukiwa mwepesi unakula samaki mzima, ambaye kwa saa moja anaweza kumaliza GB 3. Ukiwa mzito unaletewa mgongo wazi, wachezaji wote wanafanana na nyuso hawana. Tena televisheni haionyeshi kipande kinapofika. Huweka akiba kwanza ya vipande vitatu hivi, isije ikakwama njiani. Tatu mara sita ni kumi na nane. Ongeza muda wa kupika na wa safari, unapata kama nusu dakika. Filamu haina shida hiyo, maana ilishapikwa zamani na kuwekwa karibu na mlaji. Mechi inapikwa huku inaliwa.

"Kwa hivyo hii si moja kwa moja," akasema shem mdogo.

"Ni moja kwa moja, ila..."

"Ila ni ya jana."

Wakahamisha viti. Wakaipa televisheni mgongo, wakaukabili ukuta wa jirani. Shem mdogo akageuka nabii: "Hii inaingia," kipa angali anapangusa glavu, na kweli ikaingia. "Hii tumekosa." Tukakosa. Kisha ukuta ukanyamaza kabisa. Nikageukia skrini nikiomba labda kwangu mambo yawe tofauti, nikakuta kiduara kinazunguka. Bando la saa 24, nililonunua jana yake jioni, lilikuwa limekata roho na GB 2 tumboni, kwa kuwa mechi nzima nililetewa mgongo wazi. Tulitolewa 4-3. Niliambiwa na ukuta.

Mzaha unanitoka hapo. Nikinunua sukari kilo mbili, mwenye duka haji kesho yake kuchota iliyobaki kwenye kopo langu. Data haichachi, haiozi, haina wadudu. Nani aliyeipangia saa ya kufa? Na nilipoinunua nilikatwa ushuru wa asilimia 15, kisha VAT ya 16, hata kwa zile GB nisizozila. Mwaka 2015 mitambo ya analojia ilizimwa tukaambiwa tununue king'amuzi, tukanunua. Sasa ni televisheni ya intaneti, halafu bando, nitazame timu ya nchi yangu ikicheza nchini mwangu, nusu dakika baada ya mtu wa shilingi 300.

Na mikosi haikuishia hapo. Wiki iliyofuata, nikiwa Migori kwenye foleni ya mbolea, huduma ya filamu ya "siku saba bure" ilijichotea pesa zangu siku ya nane. Nilipofika Isebania, mpakani na Tanzania, simu ilidaka mtandao wa ng'ambo ikavuka mpaka bila mimi, na salio likaifuata. Juzi televisheni iliuliza kama bado natazama, nilikuwa nakoroma.

Jana nilibisha hodi kwa jirani nikamuuliza kama ile antena anaweza kuniuzia. Akafikiri kidogo. Labda baada ya AFCON 2027, akasema, na bei itakuwa 1,200.