Vifuu Kumi vya Kobe

Katika nchi ya wanyama palikuwa na kampuni nyingi, lakini sokoni ilizungumzwa moja tu, ya Nyegere. Nyegere alikuwa na mizinga kando ya mto wote, nyuki wasiodai mshahara, na hisa 100 alizowauzia wenzake ili apate mtaji. Kila mwaka faida ilihesabiwa kwa simbi, hisa kwa hisa, mbele ya wazee. Dalali wa hisa hizo alikuwa Sungura. Mwenye kushangaa kwa nini Sungura, ajiulize ni mnyama gani mwingine angeweza kumuuzia mtu asali iliyo bado mauani.

Mwaka ninaousimulia mvua zilikuja kwa wakati wake, mikwaju ikachanua kuliko ilivyowahi kuonekana, na Nyegere akatangaza faida ya simbi 40 kwa hisa. Mwaka uliotangulia ilikuwa 18, na kabla ya hapo 4. Bei ya hisa ikaruka mpaka simbi 480. Kunguru, ambaye habari mbaya huzipeleka polepole, hii aliizungusha kijiji kizima kabla jua halijatua.

Sungura akapanda juu ya kichuguu. "Jamani, hesabu haina mjomba! Bei 480, faida 40. Kumi na mbili! Miaka 12 tu na simbi zako zote zimerudi, na mzinga bado ni wako. Wazee wetu walinunua kwa 16 na wakashukuru Mungu."

Fisi alinunua wa kwanza. Aliuza hata ngozi aliyokuwa akilalia. Nyani alikopa kwa Mbweha, na riba ya Mbweha mnaijua. Mama Kanga, aliyekuwa akiweka akiba ya harusi ya binti yake, alifungua pindo la kanga yake na kuhesabu simbi moja moja.

Kobe alifika sokoni jioni, kwa sababu aliondoka nyumbani asubuhi. Alikuja na kapu, akatoa humo vifuu kumi vya nazi na kuvipanga chini kwa safu, kimoja kwa kila mwaka. Ndani ya kila kifuu mlikuwa na vijiwe, kijiwe kwa kila simbi ya faida ya hisa moja: 4, 6, 3, kisha kifuu kitupu, halafu 6, 7, 8, 4, 18, na cha mwisho 40.

"Hiki kitupu ni cha nini, Babu?" Mama Kanga akauliza.

"Mwaka wa ukame, mwanangu. Ulikuwa bado kifaranga."

"Babu Kobe," Sungura akadakia, "hayo ni ya kale. Soko linatazama mbele."

Kobe hakumjibu. Alitoa kibaba. "Kibaba cha mtama leo simbi ngapi?" Kumi, wakasema. "Na mwaka wa kifuu cha kwanza?" Hapo wakongwe tu ndio waliokumbuka: tano. Kila msimu bahari ilitupa simbi nyingine ufukweni, mashamba ya mtama yakabaki yale yale, na bei ikawa inajipandia kidogo kidogo bila mtu kuiona. "Basi simbi 4 za mwaka ule," Kobe akasema, "zilinunua kile kinachonunuliwa leo kwa simbi 8." Akaongeza vijiwe vinne kwenye kifuu cha kwanza. Akaenda cha pili, 6 zikawa 12. Cha tatu, mwaka ambao kibaba kilikuwa simbi 6, 3 zikawa 5. Akaendelea hivyo mpaka kifuu cha kumi, ambacho hakikuhitaji kuongezwa kitu. Kisha akavimimina vyote kwenye jamvi.

Vijiwe 120. Gawanya kwa miaka 10: faida ya kawaida ya hisa moja ya Nyegere, mwaka mwema na mwaka mbaya pamoja, ni simbi 12. Nyani akagawanya 480 kwa 12 kwa vidole vya mikono na vya miguu, akaazima na vya mwanawe.

"Arobaini," akasema, sauti ikiwa imeshuka.

Sungura akapiga kelele kwamba kibaba ni hila ya kuishusha asali. Lau angenyamaza akahesabu, angeona kinyume chake. Bila kibaba vijiwe vingekuwa 96, wastani 9.6, na bei ingekuwa mara 50 ya faida. Kibaba kilimwongezea Nyegere miaka yake ya zamani, hakikumpunguzia. Hakuna aliyeliona hilo, Nyegere mwenyewe akiwamo.

Hesabu hii sikuitunga mimi wala Kobe. Benjamin Graham na David Dodd, waliokuwa wakifundisha New York, waliandika mwaka 1934, majeraha ya anguko la soko la 1929 yakiwa bado mabichi, kwamba faida ya kupimia hisa iwe ya wastani wa miaka isiyopungua 5, na bora 7 au 10. Mwaka 1988 John Campbell na Robert Shiller waliipima faida hiyo baada ya kuondoa mfumuko wa bei, wakatumia kumbukumbu za soko la Marekani zinazoanzia 1871. Wastani wa kipimo chao, yaani bei kugawanywa kwa faida hiyo, tangu 1881 ni karibu 17. Kabla ya anguko la 1929 kilipita 30.

Kobe akamchukua Konokono, mwenzake wa hesabu, wakaenda kwa Mzee Bundi, mlinzi wa hazina ya simbi. Bundi aliwasikiliza kwa heshima, macho yakiwa wazi yote mawili, jambo ambalo kwa Bundi halina maana kwamba anaona. Usiku wa pili kulikuwa na karamu ya wakubwa. Bundi alizungumza saa nzima juu ya historia ya simbi, na katikati ya usingizi wa wageni akauliza: tutajuaje shangwe ikishatupita akili? Kisha akaendelea na historia ya simbi. Alfajiri soko likaporomoka. Adhuhuri likasimama. Jioni Sungura alikuwa akilieleza swali la Bundi kama sifa.

Msomaji anayedhani nimetia chumvi afungue magazeti ya zamani. Tarehe 3 Desemba 1996 Shiller na Campbell waliitwa Washington kuzungumza mbele ya magavana wa benki kuu ya Marekani. Tarehe 5 mwenyekiti wao, Alan Greenspan, aliuliza swali kama la Bundi katikati ya hotuba ndefu ya chakula cha jioni. Masoko yalishtuka duniani kote, halafu yakapanda kwa zaidi ya miaka mitatu.

Na hisa ya Nyegere nayo ilipanda. Faida ilikuwa 42, kisha 44, kisha 45. Mtama ukatulia kwenye simbi 10. Bei ikafika 1,000. Kila mwaka Kobe alitoa kifuu cha zamani zaidi na kuingiza kipya, na kila mwaka watoto wa Nyani walimfuata nyuma wakiimba kwamba mzee anahesabu maiti. Sasa wastani ulikuwa 22.6, na 1,000 kwa 22.6 ni 44. Desemba 1999 kipimo cha Shiller kilisoma namba hiyo hiyo, 44.

Mchwa, karani wa Nyegere, alikuja na hoja nzito kuliko kelele zote za Sungura. "Babu, kifuu chako kitupu kinamwonea bwana wangu. Mwaka ule hatukukosa asali yote. Wazee walitunga kanuni mpya: mzinga uliopungua thamani ukatwe wote kwenye faida ya mwaka huo huo, lakini uliopanda thamani usiongezwe mpaka uuzwe. Faida za kabla ya kanuni hiyo na za baada yake umezitia kapu moja."

Hoja hii Kobe hakuicheka, na mimi siicheki. Jeremy Siegel wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ameitetea miaka mingi, na ushahidi anao: kampuni ya AOL Time Warner peke yake ilitangaza hasara ya karibu dola bilioni 99 kwa mwaka 2002, sehemu kubwa ikiwa ni thamani iliyofutwa vitabuni, si fedha iliyotoka mfukoni mwaka ule. Hasara kama hiyo hukaa kwenye wastani miaka kumi, kama mgeni asiyejua kuaga. Kobe akafanya jambo la busara: alikijaza kwa muda kile kifuu kitupu vijiwe 10 ili kumridhisha Mchwa, akahesabu upya. Arobaini na mbili. Mchwa akaenda zake.

Kuchakulo naye akaleta kampuni yake ya njugu, yenye umri wa miaka miwili, ipimwe. Kobe akamwambia arudi na vifuu kumi. Kuna waliosema hilo ni jeuri. Mimi nasema kampuni changa, au iliyoacha asali jana ikaanza kuvua samaki, haina miaka kumi ya kupimwa, na ndiyo maana kipimo cha Shiller hutulia zaidi kwenye soko zima kuliko kwenye kampuni moja inayoweza kufa.

Aliyemshinda Kobe kweli ni Mama Kanga. Alimjia usiku, binti amekwisha poswa.

"Babu, zitaanguka lini?"

"Sijui, mwanangu."

"Mwaka huu?"

"Vifuu havisemi mwaka."

"Basi vinasema nini?"

"Kwamba anayenunua leo analipa faida ya miaka 44."

Mama Kanga alisimama kidogo, kisha akaenda kwa Sungura, ambaye alikuwa na tarehe ya kila kitu. Simlaumu. Mwenye harusi anahitaji tarehe. Waliomsikiliza Kobe siku ya kwanza waliiacha hisa kwa 480 wakaiona ikizidi maradufu, na wengine hawakumsalimu tena. Huko Marekani ndivyo ilivyo: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kipimo kimeshuka chini ya wastani wake wa kale kwa miezi michache tu. Aliyekaa pembeni akisubiri 17 amezeeka akisubiri.

Mwaka uliofuata moto ulipita msituni. Faida ikawa simbi 2. Bei ikaanguka kutoka 1,000 mpaka 150, na Mbweha akatuma watu kwa Nyani. Hapo Sungura akapanda tena kichuguu kile kile, bila haya hata kidogo.

"Uzeni! Bei 150, faida 2. Sabini na tano! Hisa ghali namna hii haijapata kuonekana tangu dunia iumbwe!"

Na hesabu yake ilikuwa sahihi, ndicho kichekesho. Kwa faida ya mwaka mmoja, hisa ya 480 ilikuwa rahisi na ya 150 ghali. Mwaka 2009 Marekani ilifanya vivyo hivyo: faida za kampuni kubwa 500 ziliporomoka kiasi kwamba bei zilizokuwa zimeanguka zilionekana kuwa zaidi ya mara 100 ya faida ya mwaka, wakati kipimo cha miaka kumi kilikuwa kimeshuka Machi mpaka karibu 13. Aliyepima kwa mwaka mmoja alikimbia mlango ulipokuwa wazi.

Kobe alitoa kifuu cha zamani zaidi, ambacho safari hii kilikuwa kile kitupu cha ukame, akaingiza kipya chenye vijiwe viwili. Wastani ukapanda: kutoka 22.6 mpaka 22.8, katika mwaka mbaya kuliko yote tangu ule ukame. Bei 150 kwa 22.8 haifiki hata 7. Kobe, ambaye hakuwa na hisa hata moja, akanunua ishirini. Aliyemuuzia ni Fisi. Alikuwa amechoka kulala chini.

Wazee walipofungua daftari kutafuta nani alinufaika, waligundua kwamba Sungura aliuza hisa zake zote siku bei ilipofika 1,000. Mnunuzi ameandikwa Mama Kanga. Harusi iliahirishwa. Sungura alipoulizwa alisema yeye ni dalali tu, na wazee wakaona jibu hilo linatosha, kwa sababu nao walikuwa wameuza siku hiyo hiyo kupitia kwake. Huko Marekani, siku Greenspan alipouliza swali lake, kielezo cha bei za zile kampuni kubwa 500 kilikuwa karibu 744. Machi 2000 kilifunga kwa 1,527. Tarehe 9 Oktoba 2002 kilikuwa 777, na waliokuwa wamelala miaka yote hiyo waliamka wakikikuta karibu pale pale.

Leo hisa ya Nyegere ni simbi 390, na Sungura anasema ni rahisi. Kibaba cha mtama kimefika simbi 13. Vifuu viko uani kwa Kobe na mlango haufungwi. Mwenye nia ya kununua aende akahesabu mwenyewe kabla ya kufika kichuguuni, na asisahau kuuliza bei ya mtama.