Ahsante kwa Kipimo, Mheshimiwa

Kwa Mheshimiwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Kampuni Yetu Tukufu ya Simu,
Nairobi.

MINT: SHUKRANI ZA OSIEKO KWA PROGRAMU YA KUPIMA NETIWEKI

Mheshimiwa,

Niko huku Osieko, ufuoni mwa ziwa, Kaunti ya Busia. Uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani, simu tulijaribu. Jina la kampuni yako sitalitaja, maana tulilelewa tusiwaite wakubwa kwa majina yao, na wewe ni mkubwa wetu.

Tumeupokea kwa furaha ujumbe wenu wa kututaka tupakue programu ya kupima ubora wa mtandao, ili mjue penye shida. Ulichelewa kidogo kufika, lakini hilo hatukulihesabu kuwa kosa. Vijana wetu wametueleza inavyofanya kazi: huvuta faili la majaribio kutoka kompyuta ya mbali, hupeleka jingine, na huku inahesabu muda. Mwishowe hutoa kasi ya kushusha, kasi ya kupandisha, na milisekunde ambazo ishara imetumia kwenda na kurudi. Ookla wa Seattle, Marekani, wamekuwa wakipima hivyo tangu 2006, kwa hiyo hatuna shaka na hesabu zenyewe.

Tunakushukuru hata upande wa bando. Aliye na kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, sekunde 10 tu za kushusha humlia megabaiti 25. Sisi kipimo hakitulii bando sana, kwa kuwa hakimaliziki. Tunawaonea huruma wenzetu wa Westlands, Nairobi, ambao chao humalizika.

Sasa, kwa idhini yako, niulize swali dogo. Kipimo kisichomalizika hakina tarakimu za kuwafikia, na hata kingekuwa nazo, zingesafiri kwa netiweki ipi? Anayeonekana kwenu ni yule aliyekwisha kupata. Kwenye ramani yenu Osieko ni peupe, na peupe, nionavyo mimi mtu wa kawaida, panaweza kusomwa kuwa pametulia. Naamini hukukusudia, Mheshimiwa, lakini huo ni utaratibu wa mwalimu anayewaomba watoro wanyooshe mikono.

Kuna pia suala la simu za kabambe, zile ndogo za vibonyezo. Wengi hapa ndizo simu walizo nazo, na programu yako haiingii humo. Wala haipimi kile tunachokihitaji kuliko kasi ya video. Mama anayenunua omena alfajiri halipi kwa megabiti. Hubonyeza msimbo wa nyota, huweka namba ya siri, kisha hungoja. Pesa zinakatwa kwake, ujumbe haufiki kwa mwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi si mtu mbaya, ila bila ujumbe hatoi ndoo hata moja, nami simlaumu, maana ujumbe wa kughushi tumewahi kuuona. Basi wanasimama pale wawili wakitazama skrini, jua linapanda, na gari la kupeleka omena sokoni haliwangojei. Ujumbe huja baadaye, mara nyingine miwili ya muamala mmoja. Hayo yote hayamo katika zile tarakimu zako, ambazo ni nzuri sana.

Sipendi uchongezi, lakini jirani yetu Uganda naye anatuharibia hesabu. Tangu 2014 nchi zetu zilipoanzisha Eneo la Mtandao Mmoja, kupiga simu kuvuka mpaka kumekuwa nafuu, na tunashukuru. Bando letu la nyumbani, hata hivyo, halijui habari hiyo. Pale Malaba dereva wa lori yumo kwenye foleni, hajagongewa muhuri wa kutoka Kenya, na simu yake imekwisha kukaribishwa Uganda. Mvuvi wetu akisogea kuelekea kisiwa cha Sigulu hupata mistari minne, yote ya ng'ambo. Akipima hapo atapata matokeo ya kuridhisha. Ningesikitika sana kama pongezi za mnara wa Mganda, busta lake, zingeandikwa kwa jina lako.

Mamlaka ya Mawasiliano nayo hupima kwa gari, tena imeweka alama ya kufaulu, asilimia 80, na faini ya asilimia 0.2 ya mapato ya mwaka kwa anayeshindwa. Lakini kupima kwa gari ni kupima njia ya gari, na wengi wetu kazi yetu inaanza pale gari linapoishia na boti kuchukua zamu. Najua kwamba kampuni zenu huchangia nusu asilimia ya mapato katika Mfuko wa Huduma kwa Wote, kwa ajili ya sehemu kama hizi. Sisemi hatukumbukwi, nasema hatusikii.

Ombi letu si la busta, tusije tukaonekana walafi. Waambie mafundi wako waiwezeshe programu hiyo kuhifadhi vipimo vilivyoshindwa, pamoja na mahali na saa, ivitume siku simu itakapopata netiweki. Kila kushindwa kuhesabiwe kama kipimo kamili. Iandike pia kama netiweki iliyopimwa ilikuwa yako au ya jirani. Na ule msimbo wa nyota nao upimwe: umebonyezwa saa ngapi, jibu limekuja saa ngapi. Huku kwetu Budalang'i si pa kukosa ujumbe. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na kuingia majumbani, na kila mto Nzoia unapovunja kingo, tahadhari ya simu ina maana ikifika kabla ya maji.

Ukipata nafasi, karibu ujionee. Njoo na programu yenyewe, na simu ya kabambe mfuko wa pili. Ila tunakusihi, Mheshimiwa, ukifika Port Victoria utupigie ukiwa bado huko, utuambie unaleta wageni wangapi na mnakula samaki gani.

Wako mtiifu,
Mteja wa Osieko