Sifa za Mheshimiwa Unyevu

Mji Mkongwe wa Unguja umesifiwa hadi sifa zenyewe zimebaki kugombaniwa na watembeza watalii. Milango ya njumu imesifiwa, vichochoro vimesifiwa, baraza zimesifiwa, na mwaka 2000 UNESCO nao wakauingiza mji mzima katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika sifa zote hizo sijasikia hata moja ya mkazi aliyeingia siku msingi ulipochimbwa na asihame mpaka leo. Namkusudia Mheshimiwa Unyevu, anayekaa nami katika nyumba ya marehemu babu.

Ni mchoraji: kila baada ya masika huchora ramani mpya ukumbini. Ni mkarimu: huwapa malazi fangasi na tandu bila kudai kodi. Humfundisha mtu kuipa dunia kisogo, maana kanzu ikikaa kabatini karibu na ukuta wake, haivaliki tena. Hayo tuyapite.

Sifa inayostahili nishani ni kwamba yeye ndiye mkaguzi bora kuliko wote waliopata kukanyaga mji huu. Haombi nauli, hapokei posho ya kikao, hajapata kumwambia mtu arudi kesho. Masika na vuli yuko kazini, Idi yuko kazini. Huanza chini ardhini na kupanda taratibu, kitundu kwa kitundu cha jiwe la tumbawe, amebeba chumvi yake kama karani aliyebeba mhuri. Anachotafuta ni saruji. Akikuta lipu ya chokaa, humpisha. Hutokeza nje, hukauka kwa upepo, akaacha unga mweupe kidogo kuonyesha kwamba amepita. Akikuta saruji, hagombi. Hupanda juu zaidi kutafuta njia, chumvi ikaganda nyuma ya lipu, ikaisukuma polepole, hata usiku mmoja kipande kizima kikaanguka kitandani. Hiyo ndiyo ripoti yake, na haihitaji kutafsiriwa na mtaalamu. Ukizidi kumbania, hurudi ndani kula vichwa vya boriti za mikoko zilizobeba dari. Jaribu kumhonga kwa rangi ya mafuta, kwa vigae, kwa zile dawa za kopo zinazoapa kuzuia maji: atapokea vyote kimya, na masika yajayo atakurudishia sakafuni.

Sheria ya hifadhi inakubaliana naye neno kwa neno. Nyumba ya mawe, chokaa na udongo mwekundu hairuhusiwi kupigwa lipu ya saruji, na ni haki. Mwashi wangu, mzee wa watu, alinieleza kwa ufupi: “Mwanangu, ukuta huu ukiuziba pua utapasuka mbavu.” Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, lenyewe likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Baada ya hapo nani atabisha kwamba nyumba hizi zinataka adabu? Kwa hiyo nilikubali kila kitu: chokaa iliyozimwa na kulazwa shimoni muda mrefu, lipu nyembamba tabaka kwa tabaka, kunyunyiza maji ili jua lisiikaushe kwa pupa.

Nilichobakiza ni kibali. Kwa chumba kimoja nilitakiwa barua ya sheha, picha, mchoro wa ukuta ambao uko palepale tangu kabla babu hajazaliwa, na saini za warithi wote, ambao wengine wako Maskati, wengine Dubai, na wawili hawajasemezana tangu hitima. Saini zikapatikana. Mkubwa wa ofisi ya vibali akawa amesafiri, kwenye semina ya kuhifadhi miji ya kale. Aliporudi, faili likawa halionekani. Chokaa imelala shimoni, mwashi ameshapata kazi kwengine, na masika hayo yamekuja.

Wakati huohuo hoteli tuliyogawana nayo ukuta imeongeza ghorofa. Ya zege! Mifuko ya saruji ilipita mchana kweupe, juu ya mikokoteni, mbele ya kila mwenye macho, na juu pakawekwa matangi yanayovujia upande wangu usiku na mchana. Nikaenda kuuliza. Afisa akanitazama kwa huruma, akasema, “Ule ni uwekezaji.” Na sisi tuliozaliwa humu ni nini? Mimi nazuiwa kuziba tundu la ukubwa wa sinia, mwenzangu anamimina dari nzima, kisha tunaambiwa sote tunalinda urithi mmoja!

Nisamehewe, nilikuwa nikisifu. Mheshimiwa hajui mwekezaji wala yatima. Nimepata habari kutoka kwa mfanyakazi wa hoteli kwamba ameshaanza ukaguzi ghorofa ya chini: lipu imevimba nyuma ya picha kubwa ya jahazi, na wageni wanaambiwa hiyo ndiyo haiba ya kale. Ndiyo maana napendekeza apewe ile ofisi, yeye na chumvi yake. Wala hatahitaji kuhamishwa. Nilipokuwa nikisubiri mara ya mwisho, nilikiona nyuma ya kiti cha mkubwa kiraka kipana cha saruji, kijivu, kimeanza kupasuka pembeni. Nikamwuliza karani kibali chake kiko wapi. Akaniambia nije Alhamisi.