Ni Mlima au Ni Wewe?

Jicho langu la kushoto likianza kucheza, mtaa mzima hapa Gisenyi hugeuka waganga. Mama muuza samaki aina ya sambaza husema kope la chini likicheza utalia, la juu likicheza utapata mgeni. Dereva wa pikipiki hapendi habari za machozi. Yeye huuliza kama kiganja nacho kinawasha, maana hapo pesa ziko njiani. Langu hucheza juu na chini, kwa hiyo mimi hungoja mgeni wa kuniliza. Mara nyingi huwa ni mwenye nyumba.

Muuguzi niliyemuuliza hakujali ni kope lipi. Alitaka kujua nalala saa ngapi na nakunywa kahawa kiasi gani. Uchovu, kahawa na wasiwasi, alisema, huufanya msuli mdogo wa kope ujikunje bila kuomba ruhusa, kisha hutulia wenyewe. Tena wanaokutazama kwa kawaida hata hawauoni ukicheza. Sikufurahi: nilidhani akina mama wa sokoni hulicheka jicho langu, kumbe walikuwa wakinicheka kwa sababu nyingine.

Lakini balaa lenyewe ni miguu. Mtu anaposinzia, mwili huweza kushtuka ghafla kama aliyekosa ngazi, hata akiwa mzima wa afya. Kwingine hilo ni jambo dogo. Kwetu ilikuwa Mei 2021: mlima wa volkano wa Nyiragongo umelipuka tarehe 22, ardhi ya Gisenyi na Goma inatetemeka usiku na mchana, kuta zinapasuka. Usiku mmoja, mguu wangu ukapiga teke kitanda. Mke wangu akaruka: "Tetemeko!" Watoto wakatoka na mashuka. Jirani wa kushoto akatoka kwa kumsikia mke wangu, wa kulia akatoka kwa kumwona wa kushoto. Ardhi, kwa dakika hizo, ilikuwa imetulia tuli. Mimi nikatoka wa mwisho, nikauliza kwa ukali: "Kuna nini?"

Siku hizi kitanda kikitikisika, mke wangu hutazama kwanza glasi ya maji iliyo mezani, kisha huuliza: "Baba watoto, ni mlima au ni wewe?"

Basi, ndugu msomaji, jicho likicheza, punguza kahawa ulale. Likiendelea kwa majuma, au likianza kuvuta na shavu, kamwone daktari. Maji yakicheza glasini, hayo si ya daktari wala ya mganga: waamshe watoto.