Bosi, Pawa Yako Wati Ngapi?

Jirani, yule aliyesema kuunga kompyuta ya gemu mwenyewe ni rahisi, ukimwona nishikie. Nishikie tu, nakuja.

Wanavyoongea utadhani wanakutuma chumvi dukani. Chukua boksi la mtumba, wanakwambia, lile la ofisi, lililokuja na kontena kutoka Ulaya. Prosesa imo, ramu imo, diski imo. Imebaki kadi ya grafiki, weka, cheza. Haya. Boksi ninalo. Liko sebuleni, limevuliwa ubavu, mama watoto anaweka juu yake nguo za kupiga pasi. Na mimi nazunguka mjini natafuta kadi, jua kali, kichwa kinagonga.

Usiniulize mtu mzima gemu la nini. Haya, uliza. Pale banda la PS mtaani vitoto vya darasa la nne vimenifanya mradi. Nikitokeza tu vinapanga foleni, "anko kaja, anko kaja," kila kimoja kinataka kucheza na mimi, kwa sababu anayefungwa ndiye anayelipa. Nimelipa mpaka mwenye banda ananipa kiti chenye mto. Nikasema basi, najifungia kwangu, napiga GTA V, naiba magari, sioni mtu, sionwi na mtu. Gemu lenyewe la 2013, kwenye kompyuta limeingia 2015. La zamani hivyo litachagua chakula?

Bajeti laki mbili. Mama watoto anajua ni za bati la choo. Hilo tuliache hapo hapo.

Kwanza nikamuuliza mpwa wangu, anasoma mambo haya chuoni. Nikamwambia mimi nimeshaona mwenyewe, kadi ya 1050 ni kubwa kuliko ya 970, kwa hiyo nachukua 1050. Hesabu ya darasa la pili hiyo. Akanyamaza kwanza. Unajua ule ukimya wa mtoto uliyembeba mgongoni? "Mjomba," akasema, "tarakimu za mbele ni kizazi, mbili za mwisho ni cheo. 970 ya 2014 inaipiga 1050 Ti ya 2016 bila jasho." Nikamwambia najua, nilikuwa nampima. Akasema sawa mjomba. Hiyo "sawa mjomba" imeniuma mpaka leo.

Kariakoo sasa. Mimi kadi nachagua kwa gigabaiti. Kwani wewe unachaguaje? Nikaliona boksi, GT 730, 4GB, hiyo 4 imeandikwa kubwa kuliko jina lenyewe. Bei imekaa vizuri. Nikampigia mpwa kumringishia. Akasema iache, hiyo ni ya kuonyeshea picha tu, ya 2014, giga zake nne ni kumbukumbu za polepole na chipu haina nguvu ya kuzitumia. Je, GT 1030? Hapo ndipo watengenezaji walipoamua kututesa kabisa. Zipo mbili, jina moja, namba moja. Ya 2017 ina kumbukumbu za GDDR5. Ya 2018 wameweka DDR4, na kasi ya kumbukumbu imeshuka mpaka kama theluthi. Boksi linasema 1030, basi. Yaani unatakiwa usome yale maandishi ya chini, yale ya sisi tulioacha miwani nyumbani.

Duka la pili nikaingia kwa kujiamini. Kuna RX 580, giga nane. Nane! Feni mbili, nzito, ukiishika unajisikia umenunua kitu. Nikauliza mbona rahisi hivi? Kijana wa dukani, wale wa kuvaa kofia ndani, akaniambia ni used. Mpwa akaja kunifafanulia baadaye: kadi nyingi za aina hiyo zilikuwa za watu wa kuchimba sarafu za kidijitali. Zinawashwa usiku na mchana, mwezi hadi mwezi, zinapiga hesabu za Ethereum. Septemba 2022 Ethereum ikabadilisha utaratibu, kadi hazihitajiki tena, wachimbaji wakazimwaga sokoni. Si kwamba zote zimechoka, alisema, ila feni ziangalie. Mimi nilikuwa sijafika kwenye feni. Mimi nilikuwa nahesabu hela.

Kijana akaniuliza, "Bosi, pawa yako wati ngapi?"

Nikamjibu palepale, bila kutafuna maneno: "Mia mbili thelathini. Natumia TANESCO."

Duka lilikuwa na watu, jirani. Kulikuwa na dada mmoja anatengenezewa kioo cha simu, alikuwa amekaa kimya tangu naingia. Yule dada alicheka mpaka akaomba kiti. Kumbe anaulizia pawa saplai, lile dude la ndani ya boksi linalogawa umeme. RX 580 peke yake inakula wati kama 185, inataka waya wake maalum kutoka kwenye pawa, na wenyewe wanashauri pawa ya wati 500. Nikarudi nyumbani, nikatoa nguo za pasi, nikainama na tochi ya simu nikasoma stika. Wati 240. Na huo waya maalum haupo, hata dalili. Halafu mnanicheka, wakati jibu langu lilipishana kumi tu.

Kwa hiyo nilivyokuwa nazunguka nachagua kadi, kadi ilikuwa imeshachaguliwa na pawa. Kile kitundu inapochomekwa kinatoa wati 75, mwisho. Ukitaka zaidi uwe na waya. Huna waya, unabaki na zile za wati 75 kushuka chini: GTX 750 Ti, GTX 1050 Ti, na GTX 1650 ya 2019, na hiyo 1650 nayo uangalie, kuna zilizotengenezwa na tundu la waya. Na boksi langu ni lile jembamba, kwa hiyo iwe fupi pia, ya kimo cha nusu. Yaani nina masharti kuliko mkwe.

Nikaamua 1050 Ti. Giga nne, haihitaji waya. Nikaenda duka jingine, lile la kushuka ngazi. Mzee wa pale akanitolea moja mpya kabisa, inang'aa, stika 1050 Ti, laki na ishirini. Nikaigeuza nyuma. Moyo ukaruka. Ina VGA! Lile tundu la bluu lenye vishikizo vya skrubu pembeni. Wewe skrini yangu unaijua, ile yenye mgongo uliopauka, haina tundu jingine duniani zaidi ya hilo. Kadi zote nilizoshika zilikuwa na HDMI na vitu vingine vya watoto wa matajiri. Hii tu ndiyo iliyonikumbuka. Nikapiga picha nikamtumia mpwa, nikaweka na ule uso wa kucheka machozi.

"Mjomba, weka chini. 1050 Ti ya kweli haitoi VGA."

Mzee wa duka, sijui kwa ujasiri gani, akakubali tuijaribu. Akaichomeka, akafungua programu ya GPU-Z. Jina likatokea, na mbele yake limeandikwa FAKE, kwa herufi kubwa, lisomeke na mimi nisiye na miwani. Kumbe wajanja wanachukua kadi ya zamani, chipu ya miaka ya 2011 huko, wanaiandika upya bayosi yake, kompyuta ikiiuliza wewe nani inajibu 1050 Ti. Windows inaamini. Mimi naamini. Mzee anasema hata yeye kauziwa. Nikasimama pale nikamwambia mpwa kwenye simu, kwa sauti, "Lakini inaingia kwenye skrini yangu!" Mzee akanionea huruma. Aliyetaka kunitapeli, jirani, ananionea huruma.

Ya kweli nimeipata, mtumba, fupi, laki moja na themanini, GPU-Z imekaa kimya haina la kusema. Shilingi ishirini elfu ikaenda kwenye adapta ya HDMI kwenda VGA na nauli. Nimeichomeka jana. Skrini imewaka. Mama watoto akauliza hilo ndilo bati? Nikamwambia mafundi wanakuja.

Sasa gemu lenyewe. Gigabaiti zaidi ya 60 kulishusha. Bando langu ni giga moja na nusu, na saa sita usiku linakufa nilitumie nisilitumie. Nimesikia ofisini kwenu kuna wifi, na mlinzi mnaelewana. Flashi ninayo, usijali. Ni ya giga nane, tutakuwa tunaenda na kurudi.