Namna ya Kumwamkia Mjusi wa Lindi Ukimkuta Berlin

Ukifika Berlin, panda treni ya chini ya ardhi, shuka kituo cha Naturkundemuseum, kata tiketi ya makumbusho, ingia ukumbini na uinue shingo. Usiishie magotini; kichwa kiko mita 13 na ushei juu ya sakafu. Huyo ndiye mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, mzaliwa wa Lindi. Umri wake ni kama miaka milioni 150, kwa hiyo mpe shikamoo, tena kwa sauti. Wakigeuka kukutazama, waache. Wao wamekuja kutalii, wewe umemkuta mtu wa kwenu.

Ukiulizwa mmejuana vipi, usianze na mifupa. Anza na watu. Kati ya mwaka 1909 na 1913, chini ya Wajerumani, vibarua wa Kusini walikichimbua kilima cha Tendaguru, eneo lililokuwa limetoka juzi tu katika Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Kisha sogea uutazame mfupa wa mguu wa mbele, ule wa kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Peke yake unazidi mita mbili. Mizigo ya namna hiyo ilifungwa kwa plasta na mianzi, ikaning'inizwa kwenye miti, wanaume wakaitia mabegani na kutembea siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Midogo ilikwenda vichwani. Jumla yake ilipita tani 200! Simama hapo kwa muda, hata kama wenzako wanakuita mkanywe kahawa.

Majina ya Werner Janensch na Edwin Hennig, wakuu wa msafara, utayapata bila shida. Wewe mtaje Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji na fundi hodari wa kuiandaa mifupa. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina lake: Australodocus bohetii. Watamkie watoto ulioongozana nao, walirudie mpaka walishike.

Suala la kumrudisha limeshafika hadi Bungeni, na huenda mtabishana papo hapo ukumbini. Bishaneni. Kwangu mimi, arudi au abaki, Lindi inastahili fungu lake la mapato, na vijana wake wasomeshwe kazi ya kuchimba na kutunza masalia haya. Nawe ukirudi nyumbani, usiishie Serengeti na Zanzibar. Panga safari ya Tendaguru.