Mashua Itauzwa Ijumaa

Kiswahili hakina hila: unaandika unavyosikia, unasoma ulivyoandika, basi. Kifaransa ndicho kilichotuonjesha kwanza ukaidi wa maneno. Aliyesoma hapa Kalemie anakumbuka siku za dikte: vert, ver, verre na vers, yaani kijani, mnyoo, bilauri na kuelekea, zote kinywani sauti moja, na kila kosa linakatwa alama. Tukadhani tumemaliza. Kumbe Kiingereza kinatungoja Mpulungu.

Bandari ya Mpulungu iko Zambia, kusini mwa Ziwa Tanganyika, na huko ndiko hutoka saruji na sukari tunayoshushiwa hapa. Na watu wa Kigoma tunaelewana kwa Kiswahili. Mpulungu, asiyejua Kibemba aokoteze Kiingereza.

Majirani zangu watano wana mashua ya mbao kwa ubia. Jioni moja, mashua ikiwa Mpulungu, wakala wa huko akapiga simu, na mbia aliyeipokea akampa mwanawe wa sekondari, msomi wa nyumba. Kijana akasikiliza, akaifunika simu kwa kiganja.

“Papa, anasema mashua ni ‘sale’ siku ya Ijumaa.”

“Ndiyo nini?”

“Kuuza. Kwenye filamu wanaandika hivyo kwenye nyumba.”

Wakala alikuwa amesema ‘sail’, kung’oa nanga. Simlaumu kijana, Mwingereza mwenyewe huyatamka yote mawili vilevile, kisha anamwachia msikilizaji ajitegemee.

Giza halijaingia sawasawa, uwanja ukawa umejaa. “Mama Zawadi, bwana yako anauza mali yetu!” Mama Zawadi, mke wa nahodha, alikuwa anachambua ndagala kwenye ungo. Hakuinua hata kichwa. “Akiuza, deni lenu la mazutu litalipwa.” Mbia mmoja akataka polisi, mwingine akataka maombi. Wa tatu akauliza kwa sauti ya chini ni bei gani.

Mashua ikarudi wiki iliyofuata imejaa sukari, na nahodha hakuelewa kwa nini anakumbatiwa na watu anaowadai.

Waingereza nao waliwahi kutuletea jina la kutatanisha hapahapa. Katika Vita Kuu ya Kwanza walisafirisha boti mbili za injini kutoka Cape Town, kwa reli, kisha zikakokotwa na matrekta ya mvuke na ng’ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikashuka kwa mto Lualaba, hadi zikaingizwa ziwani Desemba 1915. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, maneno ya watoto wa Kifaransa kwa wanyama walewale. Tarehe 26 Desemba zikaiteka Kingani ya Wajerumani. Sasa mpe mtu wa ziwani kazi ya ulinzi usiku, aulize nani anakuja, ajibiwe kwa jina halali la boti: “Mimi!”

Turudi kwa wabia. Baada ya kisa cha simu waliapa kuagiza kwa ujumbe wa maandishi tu, kwa kuwa maandishi hayana lafudhi. Unga kwa Kiingereza ni ‘flour’. Ua, lile la bustanini, ni ‘flower’, na sauti ni ileile. Kijana akaandika alivyosikia, kama Kiswahili kilivyomlea: magunia arobaini ya ‘flower’.

Wakala akajibu kwa heshima zote, akiuliza harusi ni ya nani.